Tumbo la Jumatatu: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza

Kijana ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza katika sekondari ya kata, shule ya kutwa, Dar es Salaam. Katika siku 15 za masomo kabla ya kuletwa kwa mnasihi alikuwa amehudhuria 4 tu. Alfajiri tumbo humkata kuzunguka kitovu, hujikunja kitandani, huenda chooni mara mbili tatu, na siku mbili alitapika njiani. Ikifika saa nne amepona, yuko uani anamsaidia mama yake kumenya mihogo. Amepimwa mara tatu katika zahanati mbili, na mara zote alitoka na dawa za taifodi. Kwenye daftari la mahudhurio ameandikwa mtoro.

Kisa hiki kimesukwa kutokana na visa vingi vinavyofanana, wala si habari ya mtoto mmoja. Mwenendo wa tatizo na hatua za kulishughulikia ndivyo vilivyoachwa kama vilivyo.

Nyumbani yuko mama, anayeuza mihogo ya kukaanga kuanzia asubuhi, bibi mzaa baba, wadogo wawili, na baba mdogo, dereva wa bodaboda anayelala chumba cha uani. Baba anaendesha lori la mizigo kupitia Tunduma hadi Lubumbashi, na akiondoka hukaa wiki mbili au tatu.

Maelezo matatu, na yote yalithibitika

Siku ya kwanza walikuja mama, bibi na kijana, na kila mtu alikuwa na jibu lake tayari. Bibi alisema mjukuu ana jini, ndiyo maana linampanda alfajiri. Baba, aliyesikika kwa simu iliyowekwa spika mezani, alisema mtoto anadeka kwa sababu amelelewa na wanawake. Mama alishika vyeti vya zahanati.

Ugumu wa kisa hiki ni kwamba kila jibu lilikuwa na ushahidi. Dawa za taifodi zilikuja na siku tatu za mapumziko, na siku hizo tatu tumbo lilitulia. Kisomo cha shekhe kilifanyika Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na asubuhi hizo tumbo lilitulia. Baba alipokuwa nyumbani mtoto alikwenda shule, maana aliogopa mkanda kuliko darasa. Kwa baba huo ulikuwa ushahidi kwamba tumbo ni la uongo. Kumbe alikuwa anakwenda akiwa na maumivu yale yale, na siku mbili alizotapika njiani zilikuwa za wiki hiyo hiyo.

Dawa na kisomo vilileta kitu kimoja: ruhusa ya kutokwenda shule. Ruhusa ikitoka tu, hofu inashuka, na hofu ikishuka tumbo linaachia. Mtoto hajifanyi. Mwili ulioogopa hujiandaa kukimbia. Damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, utumbo hukaza na kwenda mbio, na tumbo huuma kweli kweli. Tatizo ni kwamba kila nafuu ya namna hiyo humfundisha mtoto, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba kubaki nyumbani ndiyo dawa. Kesho yake hofu inaamka mapema zaidi.

Neno moja kuhusu Widal, kipimo cha damu cha taifodi, kwa sababu jambo hili linajirudia mno katika familia zetu. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili damuni, si kidudu chenyewe cha taifodi. Anayeishi mahali ambapo taifodi ipo, au aliyewahi kuugua, anaweza kuwa na kingamwili hizo leo bila kuwa mgonjwa. Majibu ya mara moja, mtoto akiwa hana homa, hayatoshi kumpa jina la ugonjwa.

Mwili kwanza, kisha usalama

Pamoja na hayo yote, mnasihi anayeruka uchunguzi wa mwili anacheza kamari na tumbo la mtoto wa mwenzie. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku wa manane, kupungua uzito, damu kwenye choo au mkojo, homa, kutapika nyongo ya kijani, maumivu yaliyojikita upande mmoja mbali na kitovu: kimojawapo kikionekana, unasihi unasubiri na hospitali inatangulia. Hapa havikuwepo. Choo na mkojo vilipimwa minyoo na kichocho, malaria ikapimwa, uzito ukachukuliwa. Minyoo ilipatikana. Akapewa dawa, mama akafurahi kwamba hatimaye jibu limepatikana, na Jumatatu iliyofuata tumbo likauma vile vile.

Kisha kijana alionwa peke yake, dakika 30. Kabla ya swali lolote aliambiwa mpaka wa siri: anayosema hayatapelekwa nyumbani, isipokuwa ikijulikana kuna mtu anamuumiza, au yeye anataka kujiumiza. Aliulizwa waziwazi kama kuna anayemgusa, anayemtisha au anayemdai fedha, nyumbani, shuleni au kwenye daladala. Na kama amewahi kufikiri ni heri asingekuwepo. Wapo wanaoogopa kuuliza hilo la mwisho, wakidhani watampa mtoto wazo. Hawampi wazo; wanampa nafasi ya kusema. Angejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, kazi ingebadilika siku ile ile: ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya watoto 116, ambayo ni ya bure. Alijibu hapana. Alichotaja ni viboko vya mwalimu wa zamu na "kuchekwa". Hakufafanua, wala hakubanwa.

Kuhusu neno mtoro: mtoro anaondoka nyumbani na sare yake na kuishia kwenye kibanda cha gemu, wazazi hawana habari. Huyu anabaki nyumbani wazi, mama akijua, na anaumia kwa kubaki. Shule ikishawaweka wote wawili kapu moja, itawapa wote adhabu moja, nayo kwa huyu wa pili ni kuni motoni.

Kalenda ya siku 14

Badala ya kuendelea kuuliza kwa nini, mnasihi alitoa karatasi yenye siku 14. Kila siku mara nne (kuamka, saa nne, saa tisa, kulala) kijana aandike maumivu kwa alama 0 hadi 10 na vipindi vya siku hiyo. Mama hakuruhusiwa kumjazia. Karatasi ya namna hii hurudi ikiwa na mapengo, na mapengo si hoja. Siku 9 zilizojazwa vizuri zinatosha.

Alama zilisoma hivi. Jumamosi 0, Jumapili asubuhi 0, Jumapili saa mbili usiku 5, Jumatatu alfajiri 9. Jumanne 6. Jumatano 8. Alhamisi na Ijumaa 5 au 6. Ukiweka ratiba ya darasa pembeni, Jumatatu na Jumatano ndizo zenye vipindi viwili mfululizo vya Jiografia.

Mwezi Februari mwalimu wa Jiografia alimwita asome kwa sauti aya ya Kiingereza. Kijana alisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili, lugha ambayo neno husomwa kama lilivyoandikwa. Alipofika kwenye neno "island" akalisoma herufi zake zote: i-si-landi. Darasa la wanafunzi 70 na ushei likacheka, mwalimu naye akacheka, na kijana akaachwa amesimama hadi kengele. Tangu hapo jina lake ni Islandi. Sasa hata mwalimu wa Hisabati akitupa macho darasani, kijana anatazama chini na tumbo linaanza.

Christopher Kearney na Wendy Silverman, wanasaikolojia wa Marekani, walipendekeza mwaka 1990 kwamba katika kukataa shule tuulize kubaki nyumbani kunamfaa mtoto kwa lipi kati ya manne: kukwepa hali inayomtia kiwewe, kukwepa kutazamwa na kupimwa na watu, kuwa karibu na mtu wake, au kupata raha iliyoko nje ya shule. Huyu kijana alikuwa na la pili kwa wingi na la tatu kidogo. La nne lilionekana kwenye simu ya mama, ambayo kuanzia saa tatu ilikuwa mikononi mwake. Lakini hilo limekuja baadaye. Wazazi hupenda kulianza hilo la simu, kwa kuwa ndilo linaloonekana.

Mama

Kati ya saa 11 na saa moja asubuhi, kwa hesabu ya kijana mwenyewe, mama humwuliza "unajisikiaje?" mara nne au tano. Swali la upendo, na kila likiulizwa mtoto anarudi kulitafuta tumbo lake ajue linasemaje. Mama aliambiwa hivyo mkutano wa pili, akakubali, na wiki nzima akashindwa.

Mkutano wa tatu akaonwa peke yake. Mnasihi hakurudia somo. Aliuliza tumbo la mtoto likiuma yeye anaona nini. Ndipo likatoka. Kabla ya kijana huyu alikuwepo mwingine, wa kwanza, aliyefariki akiwa na miaka 6. Alianza kwa kulalamika tumbo. Zahanati iliwarudisha nyumbani na dawa za maumivu, na usiku wa pili mtoto akaondoka. Familia hailizungumzi jambo hilo, na kijana hajui zaidi ya kaburi analopelekwa kulisafisha.

Mtu hawezi kumwambia mama huyu "usiwe na wasiwasi" kisha akategemea apone. Kila asubuhi alikuwa anatakiwa kuamua, kwa moyo wake peke yake, kama tumbo hili ni lile. Kwa hiyo uamuzi ulitolewa moyoni mwake ukawekwa kwenye karatasi, ikabandikwa nyuma ya mlango wa jikoni: joto la kipimajoto 38 au zaidi, kutapika mara tatu, kuhara damu, maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, au maumivu yasiyopungua hadi saa sita mchana; hapo hospitali moja kwa moja, bila kumsubiri mtu. Pasipo hayo, mtoto anakwenda shule na tumbo lake. Kipimajoto kilinunuliwa duka la dawa. Mama alipewa sentensi moja ya kusema mara moja tu: "Najua linauma, mwanangu. Hatua ya leo tunaifanya." Swali la unajisikiaje likahamishiwa saa kumi jioni.

Karatasi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko maongezi yote yaliyoitangulia. Wiki ya nne mama alipima joto mara tatu kwa asubuhi moja, lakini hakuuliza.

Bibi naye hakuambiwa jini halipo. Ukishaanza ubishi huo, umempoteza mtu anayeshika uji wa asubuhi. Aliombwa kisomo kiendelee, ila jioni baada ya shule. Na ule uji wa tangawizi aliokuwa akimwita nao, "mume wangu, njoo unywe upoze tumbo," nao usubiri saa kumi. Alikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu shekhe naye alisema jioni inamfaa zaidi. Siku ambayo mtoto atabaki nyumbani, nyumba iwe ya mgonjwa: kitanda, maji, chakula cha kawaida, hakuna simu, hakuna runinga, hakuna kumenya mihogo, hadi saa nane mchana.

Wa kumpeleka shule akachaguliwa baba mdogo. Kuagana na mama ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za asubuhi, na bodaboda haina muda wa kuagana.

Ngazi

Kijana alitunga mwenyewe ngazi ya hofu, akiipa kila hatua alama. Kuvaa sare Jumamosi na kutembea hadi kituoni: 2. Kufika getini siku shule imefungwa: 3. Kwenda saa tisa na nusu kuchukua madaftari kwa rafiki: 4. Kukaa vipindi viwili katika chumba cha mwalimu wa unasihi: 5. Vipindi vya Kiswahili na Hisabati darasani: 6. Mstarini asubuhi: 7. Jiografia: 8. Kusoma kwa sauti mbele ya darasa: 10, na pembeni akaandika "haiwezekani".

Kila hatua ilirudiwa siku tatu au nne kabla ya kupanda. Kabla ya kutoka aliandika utabiri kwenye kadi, kwa mfano "nikikaa chumba kile nitatapika na mtu ataniona". Akirudi anaandika kilichotokea. Wanasihi wengi hufundisha mtoto akae mpaka hofu ishuke nusu. Si vibaya, lakini kuna siku hofu haishuki, na mtoto anahesabu kwamba ameshindwa. Kadi haijali hofu ilikuwa kiasi gani; inauliza tu kama ulichokiogopa kilitokea. Katika kadi 22 alizojaza, kutapika kulitabiriwa mara 13 na kulitokea mara 1, getini, na hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyemwona.

Pumzi alifundishwa pia: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika tano, mara mbili kwa siku akiwa ametulia. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kiwewe huona haifanyi kazi na kuitupa.

Shule, na kosa la wiki ya nne

Mkutano wa shule ulimkutanisha mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, mwalimu wa unasihi, mama na mnasihi, kwa dakika 40. Yaliyokubaliwa yaliandikwa: kwa wiki sita asiitwe kusoma kwa sauti bila kuambiwa jana yake, akifika hadi saa tatu ahesabiwe amehudhuria, awe na kadi ya kutoka dakika tano, si zaidi ya mara mbili kwa siku, asichapwe kwa siku alizokosa. Hili la mwisho lilihitaji maneno machache. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa ruhusa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mkuu alizijua. Alichokuwa hajui ni nani kati ya walimu wake anazifuata.

Karatasi ikawekwa kwenye faili, ofisini. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni la mnasihi kama lilivyo la shule. Wiki ya nne kijana alifika saa mbili kasoro, kama ngazi ilivyompangia. Mwalimu wa zamu wa wiki ile hakuwepo mkutanoni. Alimpigisha magoti na wachelewaji wengine, akamchapa, na mmoja wa waliopiga magoti akasema "Islandi kafika na meli." Siku sita hakukanyaga shule.

Marekebisho yalikuwa madogo na yalipaswa kufanywa tangu mwanzo: nakala ya makubaliano ikabandikwa ndani ya jalada la kitabu cha zamu, na kijana akapewa kadi yenye sahihi ya mkuu wa shule. Mwalimu wa zamu alimwita kijana pembeni na kumwambia kwamba alikuwa na ruhusa na yeye hakujua. Kwa utaratibu wa shule zetu hilo ni jambo kubwa, na hakuna aliyedai zaidi. Ngazi haikuanzwa upya. Walirudi hatua mbili, chumba cha unasihi, na ndani ya siku nne alikuwa darasani tena. Kumrudisha mtoto chini kabisa baada ya pigo ni kumwambia kwamba yote aliyopanda yalikuwa bure.

Anguko la pili, baada ya likizo fupi ya Aprili, lilitegemewa, kwa hiyo likawa dogo: siku mbili tu. Likizo ni ruhusa ndefu. Wakati huo alikuwa amepangiwa kuvaa sare na kufika getini mara mbili kwa wiki, na alifanya hivyo mara moja.

Kiingereza chenyewe

Kuna unasihi unaomaliza hofu na kumrudisha mtoto kwenye darasa asiloelewa, kisha unashangaa hofu inaporudi. Kijana huyu aliogopa kuchekwa, ndiyo, lakini pia alikuwa anakaa vipindi vinane kwa siku akisikia sauti tu. Mwalimu wa unasihi alimpatia kurasa mbili za mbele za Jiografia na Biolojia kila Ijumaa. Jumamosi alizipitia na binti wa jirani aliye kidato cha tatu, wakitoa maneno 15 na maana zake kwa Kiswahili. Kusoma kwa sauti kulianza kwenye kinasa sauti cha simu, kukaenda kwa baba mdogo (ambaye hajui Kiingereza na kwa hiyo hacheki), kisha binti wa jirani, kisha mwalimu peke yake. Wiki ya kumi alisoma mistari minne darasani, mistari aliyoijua tangu jana yake. Mmoja alinong'ona "Islandi". Kwenye kadi aliandika: *wamecheka kidogo, nikamaliza.*

Wiki ya kumi na moja, mwisho wa Mei, mahudhurio yalikuwa siku 5 kati ya 5 kwa wiki ya tatu mfululizo. Tumbo la Jumatatu liko kwenye 3. Baba, aliyekuwa akiunganishwa kwenye mikutano kwa simu kutoka barabarani, ameacha neno kudeka, ingawa bado anaamini mkanda ulisaidia. Likizo ya Juni ina mpango wake: getini kila Jumatano, kurasa mbili kila Jumamosi, na mkutano wa ufuatiliaji wiki ya kwanza shule ikifunguliwa. Mama ameomba mikutano miwili yake mwenyewe, kuhusu yule mtoto wa kwanza. Karatasi ya jikoni ameomba isibanduliwe.